Upinde wa mforsadi: mgongo mzima, tumbo lililochoka

Niliuegemeza upinde ukutani kwa mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, kishikio kikigusa ukuta, nikapima kwa rula nafasi iliyobaki kati ya ukuta na kila ncha. Sentimita 4 juu, sentimita 4 na nusu chini. Siku nane kabla ya hapo mambo yalikuwa kinyume: ncha ndizo zilizogusa ukuta, na kishikio kilisimama mbali nao kwa sentimita 2.5. Upinde ulikuwa umepoteza zaidi ya sentimita 6 za mbinuko wake, na sikuwa nimerusha mshale hata mmoja. Nilikuwa nimeuvuta hadi sentimita 50 tu, ilhali lengo langu lilikuwa 66.

Kulikuwa na jambo jingine. Tumboni, yaani upande unaomtazama mpigaji, kwenye mkono wa chini (nusu ya upinde iliyo chini ya kishikio), sentimita 31 kutoka katikati ya kishikio, karibu na fundo dogo, palikuwa na mistari mitatu myembamba kama unywele, ikikatiza nyuzi za mbao. Kidole hakikuihisi. Niliiona kwa kuwa nilikuwa nimeushika upinde dirishani na mwanga ukaupiga kwa ubavuni.

Hukumu ya karibu kila niliyemwonyesha ilikuwa moja: shina lilikuwa jembamba mno. Upinde hutengenezwa kwa mti mkubwa uliopasuliwa, waliniambia, si kwa kijiti cha kipenyo cha sentimita nne na kitu. Rafiki yangu mmoja, mpiga mishale mzuri kuliko mimi, alinishauri niubandike mgongo kano za mnyama ili kuuokoa. Sikukubaliana na hukumu wala dawa, na ninataka kueleza kwa nini, kwa sababu dawa ile ingeuharibu upinde kabisa.

Shina na umbo lake

Shina lilitoka kwenye kisiki cha mforsadi. Mforsadi ukikatwa haufi. Huchipua mashina mengi kutoka kisiki kimoja, na mashina hayo, kwa kugombea mwanga, hukimbilia juu yakiwa yamenyooka, na matawi ya chini huwa machache. Nilikata mawili yaliyosimama jirani, kila moja lina urefu wa sentimita 180, kipenyo milimita 46 kitakoni na milimita 42 upande wa juu. Hilo la pili nililiweka kando. Litarudi baadaye katika kisa hiki.

Kabla ya kukata nilitazama gome. Mistari yake ilikwenda sambamba na shina bila kuzunguka. Gome linalozunguka kama kamba iliyosokotwa ni onyo kwamba nyuzi za ndani nazo zinazunguka, na mikono ya upinde wa namna hiyo hujinyonga kila inapovutwa. Shina lilikuwa limeinama kidogo sana, nikachagua upande wa juu wa mwinamo uwe mgongo. Kwa miti ya majani mapana, upande huo ndio unaofanya kazi ya kuvuta ili shina lisizidi kuinama, na mbao yake hujengwa kwa kazi hiyo.

Gome lilitoka kwa vidole. Ulikuwa msimu ambao mti unakua, na tabaka lililo chini ya gome lilikuwa na maji, basi nilichanja kitakoni kwa kisu, nikaingiza dole gumba, na gome likafuata hadi mwisho kama utepe. Utomvu mweupe ukanata mikononi kwa siku mbili. Chini yake ulibaki mgongo mweupe unaoteleza, laini kuliko msasa wowote unavyoweza kuufanya, na hakuna chombo chenye makali kilichougusa kuanzia hapo. Hii ni faida ya shina changa ambayo naithamini kuliko zote: mgongo unakuja tayari, nyuzi zake hazijakatwa hata moja.

Upinde unapovutwa, mgongo hurefushwa na tumbo huminywa. Ndani, kati ya pande hizo mbili, kuna mstari usiovutwa wala kuminywa. Yote nitakayosema yanategemea mstari huo ulipo.

Niliondoa tumbo kwa shoka, kisha tezo, hadi mikono ikabaki na unene wa milimita 20 na kishikio milimita 32. Nilipokuwa nachonga, ncha zilianza zenyewe kubinuka kuelekea mgongoni. Mti ulio hai hubeba mkazo: tabaka za nje zimevutwa, za ndani zimebanwa, na pande hizo hushikiliana. Ukiondoa nusu moja, ile ya nje hujikunja inavyotaka. Zile sentimita 2.5 za mbinuko zilitoka huko. Sikuzitengeneza, nilizipokea.

Mti ulivyokaushwa, au nilivyodhani umekauka

Shina zima la kipenyo kidogo likiachwa likauke lenyewe hupasuka. Mbao husinyaa kwa kuufuata mduara wa pete zake karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kwenye kiini, kwa hiyo duara zima halina pa kukimbilia ila kufunguka ufa. Kuondoa tumbo mapema kunaiondoa hatari hiyo karibu yote. Hata hivyo mgongo mweupe ulio wazi nao unaweza kukauka haraka na kuchanika, basi niliupaka gundi ya seremala, nikapaka pia ncha zote mbili. Nikaufunga upinde kwenye ubao ulionyooka kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, nikauweka chumbani, mbali na jua.

Nilikuwa napima uzito. Siku ya kuchonga ulikuwa gramu 842. Baada ya wiki moja, 655. Baada ya wiki mbili, 600. Siku ya 20, gramu 580, na siku tatu za mwisho zilikuwa zimepunguza gramu 2 tu. Nilikuwa nimesoma na kusikia mara nyingi kwamba uzito ukisimama mti umekauka. Uzito ulikuwa umesimama. Nikaufungua ubaoni, nikachonga chale za upote, yaani kamba ya upinde, kwenye ncha, nikaanza kazi ya kusawazisha: kukwaruza tumbo kidogo kidogo hadi mikono yote miwili ipinde sawasawa.

Kazi hiyo niliifanya kwa subira, na ninalisema hili kwa sababu ndilo lililonifanya nitafute chanzo kwingine. Nilitumia upote mrefu kwanza, upinde ukiwa umelazwa juu ya ubao wenye chale kila sentimita 5. Sikuwahi kuuvuta kwa nguvu iliyozidi kilo 18, ambayo ndiyo niliyotaka upinde uliokamilika uwe nayo. Baada ya kila kukwaruza nilivuta mara 20 au 30 kwa umbali mfupi ili mbao izoee mabadiliko kabla sijauhukumu mpindo wake. Mikono ilifikia unene wa milimita 16 katikati. Ukweli ni kwamba mkono wa chini ulikuwa na mahali palipopinda kuliko pengine, na nitapafikia.

Mgongo ulikuwa unasema nini

Hoja ya wembamba wa shina ina msingi, na haifai kudharauliwa. Shina likiwa na kipenyo kidogo, mgongo wake ni wa mviringo mkali. Sehemu inayobeba mvuto wote ni ukanda mwembamba kileleni mwa mviringo huo. Zaidi ya hapo, mbao nyingi ya upinde huwa upande wa tumbo, ambako ni bapa na pana, hivyo ule mstari wa kati usiovutwa husogea kuelekea tumboni. Kwa upinde wangu, wenye unene wa milimita 16 na tumbo la upana wa milimita 42, mstari huo ulikuwa takriban milimita 7 kutoka tumboni na 9 kutoka kileleni mwa mgongo. Maana yake mgongo ulikuwa unarefuka zaidi ya jinsi tumbo lilivyokuwa likiminywa.

Lakini fuata hoja hiyo hadi mwisho wake. Kama kosa lingekuwa la umbo, upande wa kulalamika ungekuwa mgongo. Kibanzi kingenyanyuka, au nyuzi zingekatika, au upinde ungevunjika kwa mlio. Nilipitisha pamba mgongoni kutoka ncha hadi ncha, mara tatu, taratibu. Pamba hunasa kwenye kibanzi ambacho jicho halikioni. Haikunasa popote. Niliibandua gundi ile ya zamani kwa kisu butu na kuukagua mgongo kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa mzima kama siku gome lilipotoka.

Mbao karibu zote hustahimili kuvutwa kuliko kuminywa, mara nyingi karibu mara mbili. Ndiyo maana mafundi wenye mti mpana huupunguza mgongo kwa makusudi uwe mwembamba kuliko tumbo, wakitafuta ulingano. Shina jembamba huzaliwa na umbo hilo. Kwa mti wenye mgongo imara kama mforsadi, ule mviringo ulikuwa unalisaidia tumbo langu. Na watu wamelijua hilo kwa muda mrefu sana: pinde zilizochimbuliwa mwaka 1944 katika bwawa la matope la Holmegaard, Denmaki, zenye umri wa takriban miaka 9,000, zilichongwa kwenye mashina membamba ya mti wa elm, na uso wa nje wa shina ndio uliokuwa mgongo.

Sasa ile dawa ya kano. Kano zikibandikwa mgongoni huongeza nguvu upande ambao haukuwa na shida. Zikiongezwa hapo, mstari wa kati unahama kuelekea mgongoni, na tumbo, ambalo tayari limechoka, linaminywa zaidi. Juu ya hayo, kano hubandikwa kwa gundi yenye maji, na maji ndiyo yaliyokuwa adui, kama nilivyokuja kugundua. Rafiki yangu alikuwa na nia njema, na kwa upinde unaonyanyua vibanzi mgongoni ushauri wake ungekuwa sahihi. Kwa huu, ingekuwa kumfunga bendeji mkononi mtu aliyevunjika mguu.

Kiini nacho nilikitazama. Kiini cha shina changa ni laini kama sponji, na kikiwa tumboni kinaweza kuporomoka. Hapa jibu ni la hesabu tu: kipenyo milimita 44 katikati ya urefu, kwa hiyo kiini kiko milimita 22 kutoka mgongoni. Mikono yangu ilikuwa na unene wa milimita 16. Kiini kilikuwa kimeshaondoka na vibanzi vya tezo, isipokuwa kwenye kishikio ambako hapapindi.

Mahali palipopinda kupita kiasi

Nilichukua kipande cha mbao kilichonyooka, urefu wa sentimita 15, nikakiweka tumboni upinde ukiwa umevutwa sentimita 50 na kushikiliwa ubaoni, nikapima nafasi ya katikati kati ya kipande na tumbo. Sehemu kubwa ya mikono yote miwili ilitoa milimita 2.5. Pale sentimita 31 mkono wa chini, karibu na fundo, ilitoa milimita 3.5. Tofauti ya milimita moja inaonekana ndogo, lakini ukiigeuza kuwa mpindo, tumbo la mahali hapo lilikuwa linaminywa kwa karibu asilimia 0.9, ilhali kwingine ni asilimia 0.6. Nilikuwa nimekwaruza sana nikijaribu kulisawazisha fundo na kiwango cha mbao ya jirani, wakati fundo linapaswa kuachiwa mbao ya ziada kuzunguka.

Basi ile mistari mitatu ina maelezo. Ni mikunjo ya nyuzi zilizominywa kupita uwezo wake, na mahali pake panalingana na kipimo.

Ila mahali pamoja hapaelezi upinde mzima. Kama tatizo lingekuwa pale tu, mkono wa chini ungeinama na wa juu ungebaki na mbinuko wake. Mkono wa juu ulikuwa umeinama sentimita 4, na asilimia 0.6 si mzigo wa kuishinda mbao ya mforsadi iliyokauka. Kitu fulani kilikuwa kimelidhoofisha tumbo kutoka ncha hadi ncha, na hakikuugusa mgongo.

Swali la mzee

Nilipeleka upinde kwa mzee mmoja aliyechonga pinde nyingi kuliko siku nilizoishika tezo. Hakuuvuta. Aliushika kishikio kwa vidole viwili, akaugonga mkono wa juu kwa kifundo cha kidole, kisha akachukua mpini wa jembe uliokuwa pembeni, wa mti mwingine kabisa, akaugonga vilevile.

"Sikia, mwanangu. Huu wa jembe unajibu. Wako unanong'ona."

Nikamwambia, "Lakini nilikuwa naupima, mzee. Uzito ulikuwa umesimama."

"Umesimama wapi?"

Nilidhani hajanielewa. Nilifika nyumbani ndipo nikalielewa swali lake, na sijaliacha tangu hapo.

Mbao haikauki hadi mwisho wake yenyewe. Hukauka hadi ilingane na hewa inayoizunguka, kisha husimama. Katika hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 50, mbao husimama ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 9 wa uzito wake mkavu. Kwenye asilimia 65, husimama karibu na 12. Hewa ikizidi asilimia 80, husimama kwenye 16 au zaidi. Wiki zile tatu zilikuwa za mvua. Nilipoazima kipima unyevunyevu wa hewa na kukiweka chumbani kilisoma asilimia 83, nayo mvua ilikuwa bado inaendelea. Uzito wangu ulikuwa umesimama kweli. Ulisimama mahali ambapo si pa upinde. Na ile gundi niliyoipaka mgongoni kwa nia njema ilikuwa imefunga nusu ya njia ya maji kutoka, kwa hiyo hata zile gramu 2 za siku tatu zilikuwa na udanganyifu: mti ulikuwa bado unatoa maji, ila kwa mlango mwembamba.

Sikutaka kuishia kwenye dhana. Nilikuwa nimeacha sentimita chache za ziada kwenye ncha ya juu, nikakata kipande, nikakipima kwa mizani ndogo ya kusoma sehemu ya kumi ya gramu: gramu 20.6. Nikakiweka kwenye oveni kwa nyuzi joto 103, nikikitoa na kukipima hadi kilipoacha kupungua. Kilisimama kwenye gramu 17.9. Maji yaliyotoka ni gramu 2.7, na 2.7 ukigawa kwa 17.9 ni asilimia 15. Na hiyo ni ncha, sehemu nyembamba kuliko zote, ambayo hukauka mapema na ilikuwa imekaa siku nane zaidi mikononi mwangu na ubaoni. Tumbo la katikati lilikuwa na maji zaidi ya hapo. Upinde unataka asilimia 8 hadi 10.

Hapa ndipo vipande vyote vinapokaa mahali pake. Unyevu hauzidhoofishi pande mbili za upinde kwa usawa. Kwa kila asilimia 1 ya unyevu inayoongezeka, uwezo wa mbao kustahimili kuminywa hupungua kwa karibu asilimia 5. Uwezo wa kuvutwa nao hupungua, lakini kidogo kuliko hapo. Upinde wenye maji una mgongo wa kawaida na tumbo la mti mwingine, dhaifu zaidi. Ukiuvuta, mgongo unavumilia na tumbo linakubali kufupishwa na kubaki fupi. Haupasuki, haulii, hautoi ishara yoyote. Unainama tu, kidogo kidogo, na wewe unadhani umekosea kukwaruza, unakwaruza tena, unaupunguza zaidi.

Kwa maoni yangu pinde nyingi za mashina membamba zinazosemwa vibaya zimekufa kifo hiki. Shina changa ni rahisi kupata na ni rahisi kuchonga likiwa bichi, na urahisi huo unamfanya mtu aamini kwamba kila kitu ndani yake ni cha haraka.

Matibabu

Nilivua upote na sikuurudisha kwa wiki tano.

Nilitengeneza sanduku refu la mbao nyembamba, na ndani chini nikaweka balbu moja ya zamani ya wati 60, ile inayotoa joto, na matundu madogo juu na chini hewa ipite. Balbu za kisasa zisizopata moto hazifai kwa kazi hii. Joto la ndani lilisimama karibu nyuzi 38. Sanduku halitoi maji hewani. Linachofanya ni kupasha hewa joto, na hewa ya nyuzi 25 yenye unyevunyevu wa asilimia 83 ikipashwa hadi 38 hushuka hadi kama asilimia 40. Mbao iliyomo humo hulazimika kushuka nayo. Ningeonya tu kwamba sanduku hili ni la mti ambao umeshapita hatua ya ubichi. Shina lililokatwa juzi likiingizwa humo litapasuka.

Upinde uliingia na gramu 498, ukiwa umefungwa kwenye ubao mpya wenye vipande vya mbao vya kuzibinua ncha kwa sentimita 5. Siku ya 9 ulikuwa gramu 473. Siku ya 22 ulifika 462 na ukabaki hapo siku nne mfululizo. Nikianzia kwenye hesabu ya kile kipande cha oveni, na kukumbuka kwamba katikati palikuwa na maji zaidi, huo ni unyevu wa kati ya asilimia 7 na 9. Niliugonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kuufungua. Ulijibu.

Kisha nikalipasha tumbo moto. Makaa kwenye mfereji mrefu wa bati, upinde juu yake ukiwa bado umefungwa ubaoni, tumbo likitazama makaa kwa umbali wa upana wa viganja viwili. Niliusogeza sehemu kwa sehemu kwa zaidi ya saa tatu hadi rangi ya manjano ya mforsadi ikageuka kahawia ya asali iliyokolea, kwa usawa, bila mahali palipoungua. Mgongo niliukinga na kuugusa mara kwa mara kwa mkono, maana mgongo uliounguzwa hupoteza mnyumbuko wake na huvunjika. Moto hulifanya tumbo liwe gumu zaidi na liache kunywa unyevu wa hewa kwa urahisi. Lakini mbao iliyotoka motoni ni kavu mno kiasi cha kuwa hatari kuivuta, kwa hiyo iliachwa siku kumi irudishe unyevu wake wa kawaida.

Ile mikunjo mitatu haikupona. Nyuzi zilizokunjika haziungani tena, na hakuna moto wala mafuta ya kubadili hilo. Nilichofanya ni kupunguzia mahali hapo kazi: sikuligusa eneo la sentimita 8 kuzunguka fundo, nikakwaruza pande zake zote mbili ili mpindo ugawanywe. Hii inahitaji mkono mwepesi. Unene ukipungua kwa asilimia 10, ukakamavu hupungua kwa asilimia 27, ilhali upana ukipungua kiasi hichohicho ukakamavu hupungua kwa asilimia 10 tu. Kwa hiyo karibu na fundo nilipunguza upana zaidi kuliko unene, polepole, nikipima kwa kile kipande cha sentimita 15 baada ya kila mikwaruzo michache. Nafasi ya mahali pa fundo ilishuka hadi milimita 2.6, na jirani zake zikapanda hadi 2.8.

Nilikubali pia kuuvuta kwa umbali mfupi kuliko nilivyopanga. Upinde uliokamilika unavutwa sentimita 62, na hapo unataka kilo 16. Nilitaka 66 na kilo 18. Mbao iliyopotea kwenye vibanzi vya siku zile nane, nilipokuwa nikitibu kwa kukwaruza ugonjwa uliokuwa wa maji, hairudi.

Shina la pili

Lile shina la jirani, la kisiki kimoja na kipenyo kilekile, nililichonga vivyo hivyo hadi milimita 20. Tofauti zilikuwa mbili. Sikulipaka gundi mgongo mzima, nilipaka ncha na kuzunguka mafundo tu. Na baada ya wiki tatu za hewa ya kawaida liliingia sandukuni hadi uzito uliposimama humo, kabla halijawahi kupindwa hata kidogo. Sikulipasha moto, makusudi, ili nisichanganye sababu.

Liliposawazishwa na kuvutwa hadi sentimita 66 kwa kilo 18, lilipoteza sentimita 1.5 za mbinuko wake. Lile la kwanza, kwa umbali mfupi zaidi, lilikuwa limepoteza zaidi ya 6. Mgongo wa mviringo uleule, wembamba uleule, mti uleule. Pinde mbili haziwezi kuthibitisha kila kitu, lakini zimenitosha kuacha kuulaumu wembamba.

Upinde wa kwanza sasa umeshapiga mishale zaidi ya 400. Nikiuvua upote ncha zimeinama sentimita 2.5, na asubuhi yake zimerudi hadi 1.5. Ile mistari mitatu karibu na fundo ingalipo, nimeichorea penseli kila mwisho, na haijavuka alama. Umepakwa mafuta ya kitani, tabaka nne, ambayo huchelewesha unyevu lakini hayauzuii. Uzito wake ukiwa katika hali nzuri ni gramu 431. Mizani inakaa kwenye rafu chini ya msumari ambapo upinde unaning'inia, na nikikuta umefika 440 siuvuti siku hiyo. Unaingia sandukuni kwa siku mbili.